Chaki ya Ndugu Mtakwimu

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya sukari nje ya duka la ushirika, Kariakoo. Foleni zetu mnazijua: nusu watu, nusu mawe. Mtu anaweka jiwe mahali pake, anaenda zake kupika.

Akatokea karani wa takwimu kutoka wilayani, kalamu kaichomeka sikioni. Akahesabu foleni, watu kwa mawe, akachungulia magunia, kisha akatangaza: "Ndugu wananchi, sukari itawatosha takriban wote!"

Tukageuka kumtazama mama aliyekuwa mkiani. Akashika kiuno.

"Hiyo takriban ndiyo mimi?"

"Mama, sijakutaja. Haya ni makadirio tu."

"Basi nionyeshe yanapoishia, nikafanye shughuli zangu."

Karani akajikuna kisogo, akaomba chaki dukani, akachora mistari miwili chini. "Mbele ya huu, mtapata kwa hakika. Nyuma ya ule, nendeni nyumbani. Hapa katikati, labda."

Mama akajiona yuko nyuma ya ule. Akacheka. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, maharage yangu yangeshaiva." Akaenda zake bila kinyongo.

Sasa nauliza: redioni tunasomewa mavuno ya pamba mpaka kilo ya mwisho. Ile "labda" yake iko wapi? Wakubwa wameishiwa chaki?

Mimi, kama mnataka kujua, nilikuwa kwenye labda. Sukari iliishia kwa jiwe lililokuwa mbele yangu.