Usukani wa Pikipiki ya Mwanangu Ulitoka Kwenye Kitanda Changu

Ndugu wa ukurasa huu wa gazeti, jina langu lificheni vizuri, maana hapa Shauri Moyo, Nairobi, najulikana. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, nashona mapazia na vitambaa vya viti. Shule niliishia darasa la nne lakini kalamu naishika vizuri.

Nina wasichana wanne na kijana mmoja, kitinda mimba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Sijisifu, lakini mikono kama ile Mungu hakuigawa mingi. Mwaka jana alinunua pikipiki kuukuu, nzito kama ng'ombe wa gredi wa maziwa, iliyokuwa imelala nyuma ya karakana moja huko Baba Dogo kuku wakitagia juu yake. Watu walimcheka. Akaipiga msasa miezi minne, tangi akalipaka rangi nyekundu, pa kuwekea miguu akapasogeza mbele ili mtu anyooshe magoti. Kiti nilishona mimi mwenyewe, sponji maradufu na egemeo la mgongo. Jumapili ya kwanza alinipeleka kanisani, yeye amevaa suruali pana kama pazia, mimi nyuma nimeketi kama niko sebuleni. Jirani yangu Mama Njoki akapiga kelele, "Wee! Malkia ameshuka!" Nikamjibu, "Na wewe zaa wako akubebe."

Kilichobaki kilikuwa usukani. Ule wa zamani ulikuwa mfupi, ulimkunja mgongo. Alitaka mrefu wa kupinda juu, aendeshe ameketi wima. Akazunguka soko la Gikomba akitafuta bomba, kila analoletewa analikataa. Akaniambia, "Mama, chuma kikishapindwa kikanyooshwa, mimi sikiamini. Kitakuvumilia leo, kesho kikutupe." Ndipo macho yake yakaangukia kitanda changu cha chuma, kile nilichoolewa nacho. "Mama, nipe hicho chuma cha kichwani. Kila nikiendesha nitakuwa nimemshika baba mkono." Kisha akauliza, kama fundi, "Lakini hakijawahi kupinda?"

Nikasema, "Kitanda hiki? Watoto watano wamezaliwa juu yake na hakijalia hata kwii!" Ndivyo nilivyowaringia watu miaka yote.

Nilidanganya. Kijana akiwa bado ananyonya, baba yake alirudi Jumamosi moja mchana amelewa, akang'oa chuma hicho akanifuata nacho. Niliponyoka nje na mtoto mgongoni. Pigo alilonikusudia likaupata mwimo wa mlango, chuma kikapinda kama upinde. Kesho yake akakinyoosha kwa nyundo, analia, akakipaka rangi nyeusi. Hakurudia tena mpaka akafa, nami nikaapa watoto hawatajua. Nimewalea wakisikia kwamba baba yao hakuwahi kumwinulia mtu mkono. Kijana wangu amemwambia mchumba wake, "Mimi nitakuwa mume kama mzee wangu." Huyo ndiye baba niliyemshonea, na kijana hana ushahidi mwingine ila mdomo wangu.

Basi akakipinda kile chuma upya, akakipeleka kikatiwa nikeli. Kinang'aa, mtaa mzima unakuja kujitazama humo. Lakini wiki iliyopita nikikipangusa niliona mstari mwembamba kama unywele, upande wa kulia, mahali pale pale. Nikamwita. Akapitisha kidole, akacheka. "Ni nikeli imekwaruzika, Mama. Chuma ambacho hakijawahi kupinda kikanyooshwa hakipasuki hivyo."

Neno langu ndilo alilolishika. Nikamwambia, "Badilisha tu, mwanangu, mimi kimenichosha." Akasema, "Nipe sababu moja na leo leo nakitoa." Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama atakula chapati.

Sasa Pasaka anateremka Bonde la Ufa na mchumba wake, wakasalimie wazazi wa msichana. Mnazijua zile kona. Kila asubuhi akiwasha, nasimama mlangoni mpaka mlio upotee, halafu sindano haiingii uzi. Mchana gari likifunga breki barabarani naacha cherehani natoka mbio. Nimefikiria kukiiba kile chuma nikakitupe Mto Nairobi, lakini atachonga kingine kutoka miguuni mwa kitanda hicho hicho, akiniamini vile vile.

Kuna jambo moja sijawaambia. Gazeti hili hununua yeye. Jumamosi tukinywa chai hunisomea ukurasa huu kwa sauti, tunawacheka watu na shida zao. Jina mtalificha, lakini kitanda hakifichiki. Atafika hapa kwenye mstari huu, akiwa ameketi mbele yangu, kikombe mkononi.

Mama wenzangu, na ninyi wanaume mliowapenda mama zenu, niambieni: nimfungulie kifua leo akirudi kutoka kazini, amzike baba yake mara ya pili, au ninyamaze ajisomee mwenyewe? Na kama ni wewe unayesoma, mwanangu, usiiwashe pikipiki. Habari ya mlango ule nitakueleza kwa mdomo wangu mwenyewe.