Gome la Vidole Viwili

Mara ya kwanza kushindana bei na Mutindi, alinishinda. Ilikuwa 1987, sokoni Migwani. Nilikuwa nikinunua magome na mizizi ya dawa na kumpelekea mtafiti mmoja Nairobi, Daktari Kiema. Wengine walileta mafungu. Yeye alikuwa na vipande vitatu vyembamba vya gome ndani ya leso.

"Ongeza, mwaitu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama huku. "Hata mbuzi hashibi hapo."

"Basi mbuzi wako mkatie majani. Hii ni dawa."

Pesa hakutaka. Alitaka neno langu: dawa mpya ikitoka, wa kwanza kuimeza awe binti yake, Ndululu. Mguu wa Ndululu ulikuwa ukitoa usaha mwaka wa tatu. Alikuwa amemeza vidonge vya rangi mbili vya zahanati mpaka vijidudu vikavizoea. Gome lilikausha kidonda juu, lakini ugonjwa ulikaa mfupani.

Neno nikatoa. Neno haliwekwi kwenye mizani.

Baada ya miezi miwili Kiema aliniita maabara, anacheka peke yake.

"Mutiso, kijidudu hujijengea ukuta. Ndani yake kuna protini, hiyo ndiyo fundi. Gome hili linamfunga fundi mikono. Ukuta unabomoka, kijidudu kinapasuka! Dawa za zamani vijidudu vimeshazijulia, hii bado. Niletee gunia zima nitoe kile kitu chenyewe."

Nikampelekea Mutindi habari.

"Gunia?" akasema. "Mti huu hutoa upana wa vidole viwili kwa msimu. Nakata upande mmoja, napaka tope, naanika ghalani gizani. Ngoja mvua mbili."

"Daktari hangoji, mwaitu."

"Na mguu wa mtoto wangu unangoja? Lakini bado nakwambia ngoja."

Nilidhani anapandisha bei. Mimi ningefanya hivyo. Mti niliujua, wa pekee wa aina yake kwetu, uko kando ya mto wa mchanga. Jumapili alipokuwa kanisani nilienda na panga, nikauvua gome pande zote. Nikalianika juani kwenye turubai, kama ninavyoanika ndengu. Likakauka siku mbili, safi kabisa.

Kiema alilipima mara tatu. Halikuua hata kijidudu kimoja.

"Ulianika wapi?"

"Juani."

Alivua miwani. "Jua limeimaliza dawa. Leta lingine."

Lingine halikuwepo. Mti uliovuliwa gome pande zote hufa, na ule ulikufa kabla ya mvua ya Novemba. Mutindi alikuja dukani kwangu, akasimama mlangoni.

"Ungeuliza kwa nini ghalani, ningekwambia. Hukuuliza. Ulihesabu magunia tu."

Mwaka uliofuata mguu wa Ndululu ulikatwa gotini. Kiema aliishiwa na fedha za utafiti, akaenda kufundisha. Nami nikapoteza mnunuzi. Nilichopata ni hiki: siku hizi naanika kila gome kivulini, na wanunuzi wanasifu mali yangu.

Nasikia Mutindi alikuwa na mbegu, na sasa ana miche mitatu mahali fulani. Nimekwenda mara mbili kuuliza. Ndululu hunipokea uani, ameegemea magongo.

"Mama hayupo," husema, na nyuma yake namsikia mama yake akikohoa jikoni.