Dawa Aliyokunywa Mke Wangu

Nisizunguke: nilimwonea wivu rafiki yangu hadi nikawa siwezi kula nikiwa nimekaa naye. Tulianza pamoja kunyanyua vyuma nyuma ya karakana yangu hapa Bariadi, ninapotengeneza mageti na madirisha. Vyuma vyenyewe nilivichomelea mimi, kwa mikono yangu, lakini vilimkubali yeye. Mimi nilikula ugali na maharage mpaka tumbo likalia, yeye misuli ikamjaa kwa kuviangalia tu. Sindano za homoni za kukuza misuli tulianza siku moja, kutoka kwenye kichupa kimoja, tukichomana kwa zamu kama watu wanaochanja ng'ombe.

Baada ya miezi mitatu tukapanda jukwaani kwenye mashindano ya misuli, ukumbi mmoja mjini, tumejipaka mafuta. Yeye akawa wa pili, mimi wa sita. Hapo akaacha. Alisema amepata alichotaka, sasa mwili upumzike. Mimi nikaendelea kimyakimya karibu mwaka mzima, nikijiambia kwamba akija kuniona atakoma. Nikawa mkubwa kweli, mlango wa choo naingia kwa ubavu. Wala hakukoma. Alinisifu, na sifa zake ziliniudhi kuliko dharau.

Nilipoacha nilikiona cha mtema kuni. Misuli ikapungua, kifua kikavimba mahali ambapo cha mwanamume hakivimbi, nikawa navaa fulana mbili kwenye jua kali. Siku moja nililia kwa sababu mkaa umekataa kuwaka. Kuhusu kitandani, niseme tu kwamba mke wangu aliacha kuuliza. Nikaenda hospitali peke yangu. Daktari, mama mmoja mpole, alipoona majibu ya damu na ya mbegu akanieleza kwamba muda wote nilipokuwa najichoma homoni kutoka nje, ubongo uliona zimejaa, ukaacha kuziagiza korodani zitengeneze zake, nazo zikasinzia. Kwa kawaida huamka, alisema, lakini kwa aliyechoma muda mrefu inaweza kuchukua mwaka au zaidi, na wengine husaidiwa kwa dawa. Nisiguse sindano tena, nirudi kupimwa, na nije na mke wangu. Kupimwa nilirudi. Mke wangu sikumpeleka.

Wakati huo mke wa rafiki yangu akajifungua mtoto wa kiume, kilo nne. Nilikwenda kuwapa hongera, nikampakata mtoto, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Moyoni nilikuwa nauliza, kichupa si kilikuwa kimoja, kwa nini yeye? Kumbe hata yeye alipitia humohumo. Alinisimulia palepale, mke wake anasikia, kwamba miezi mitano alikuwa hafai kitu, wakaenda hospitali wote wawili, wakasubiri. Mke wake akacheka, akasema siku hizo alikuwa akimwita mgonjwa wake. Nikamuuliza rafiki yangu kama hakuona aibu.

"Mficha uchi hazai, bwana," akanijibu.

Niliaga hata chai haijaletwa. Mtoto nilimwonea wivu, ndiyo, lakini njiani niligundua kwamba nilitamani zaidi ile aibu yake, kwa sababu walikuwa wameibeba watu wawili.

Nyumbani nikamkuta mama yangu, amekuja kutoka Ipililo. Kwetu sisi wafugaji, ndama wakikosekana anaangaliwa jike kwanza. Dume likiwa na nundu kubwa hakuna anayelishuku. Mama alikuwa ameyaona mabega yangu yakiwa bado mapana, akaamua kasoro iko kwa mke wangu. Tangu mavuno ya pamba alikuwa akimletea mizizi ya kuchemsha, na mke wangu anakunywa asubuhi na jioni, anakunja uso, anamaliza. Na mimi nilikuwa nakaa palepale, karatasi ya hospitali iko mfukoni. Naandika haya na bado naona haya.

Jioni ile mama akamimina kikombe huku akisema. Mke wa mwenzangu ameshaleta dume nyumbani, sisi tunangoja nini? Kama mwakani hakuna kitu, ng'ombe wetu wa mahari warudishwe, nami nitafutiwe mwingine. Mke wangu akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Ndiyo, mayu," akamjibu, kama kwetu tunavyomwita mama.

Sikuwa nimepanga kusema. Nilimkumbuka mke wa rafiki yangu anavyocheka pembeni ya mume wake, wivu ukanipanda upya, nikamtazama wangu na kikombe chake.

"Mama, mwache," nikasema. "Maksai ni mimi."

Nikatoa karatasi, nikaeleza yote: vichupa, sindano, maneno ya daktari. Maksai mama anawajua, amelima nao maisha yake yote; wananenepa kuliko dume na hawajawahi kuzalisha. Kisha akakitoa kikombe mikononi mwa mke wangu, akakiweka mbele yangu.

"Basi kunywa wewe."

Nilijua hakitanisaidia kitu. Nikapiga funda moja, uchungu ukanikata ulimi, nikataka kutema. Nikainua macho kwa mke wangu. Alikuwa ananitazama, hacheki, halii.

"Mimi nimekunywa miezi saba," akasema. "Maliza."