Mimi na Baba Mkwe Katika Hati Moja

Mhadhiri wetu alipotugawa katika makundi ya utafiti alitumia ramani, hakutumia akili. Aliwaweka pamoja wanafunzi wanaokaa karibu karibu, ati wasaidiane. Tangazo lilipoingia kwenye simu nilikuta tuko watatu: mimi, mwanamke mmoja mwenye duka la vitambaa Kisii mjini, na baba mkwe wangu.

"Ala!" nilisema kwa nguvu mpaka mume wangu akaweka kikombe chini. Nikamwonyesha simu. Akasoma, akainuka, akaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Niseme mapema, kwa sababu asiyetoka kwetu atashangaa. Gusii tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya na heshima kati ya wakwe. Baba mkwe haingii nyumba ya mkaza mwana wake. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja. Na chumba anacholala mwanawe na mkewe, hata kukichungulia tu kutoka mlangoni ni mwiko. Mimi ni mtu wa hasira za haraka na mdomo sina breki, lakini mbele ya mzee yule nilikuwa nanyamaza na kutazama chini miaka yote ya ndoa yangu. Sasa chuo kinaniambia nikae naye nifanye utafiti!

Mzee alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alifundisha maisha yake yote kwa cheti, akawaona wanafunzi wake wakipata digrii, wengine wakirudi kumkagua darasani. Alipostaafu akajiandikisha chuo, masomo ya mbali, akasoma pole pole huku akichuma majani chai. Somo hili la utafiti ndilo lilikuwa limebaki. Akilipita, joho. Akianguka, kanuni za chuo zilikuwa zimemfikisha mwisho wa muda wake, na hakuna kuongezewa. Sebuleni kwake, juu ya kabati, alikuwa ameshapigilia msumari wa kutundika picha ya siku hiyo. Kila aliyekaribishwa chai aliuona ule msumari na kuambiwa ni wa nini. Mimi nilikuwa bado na nafasi ya kurudia somo. Yeye hakuwa nayo.

Mkutano wa kwanza tuliufanyia hotelini Keumbu, maana ni katikati. Baba mkwe alikaa meza ya mlangoni, mimi nikakaa meza ya karibu na jikoni, na dada wa duka akakaa katikati na chapati zake. Nilipotaka kusema jambo nilimwambia yeye, naye akageuka akamwambia mzee, ambaye alikuwa amekwisha kunisikia. Mzee akajibu kupitia kwake. Hata chai haijapoa, dada yule aliyezaliwa mjini lakini mababu zake walitoka pwani akapiga meza kofi.

"Jamani! Mimi ni mkalimani wa watu wanaosema lugha moja? Haiwezekani. Leteni simu zenu hapa."

Ndipo akatufungulia mambo. Alikuwa akiendesha biashara yake kwa programu za bure tupu, na akatuapia kwamba cha bure yeye hakiachi. Akatuwekea hati ya pamoja mtandaoni, ambayo kila mmoja anaiandika akiwa kwake na wenzake wanaona maneno yakitokea. Akatuwekea programu huria ya kupanga marejeo. Akatuonyesha namna ya kutengeneza dodoso ambalo mzazi anajaza kwenye simu. Utafiti wetu ulikuwa kuhusu kwa nini watoto wa huku Manga wanachelewa shuleni siku za kuchuma majani chai.

Mzee aliitazama ile hati muda mrefu. Kisha akamwambia dada wa duka, akijua nasikia, "Kumbe watu wanaweza kufanya kazi kwa ukurasa mmoja bila kukaa nyumba moja. Huyu aliyetengeneza hii, mama yake alimlea vizuri."

Na kweli ilitufaa. Chinsoni haikuwahi kupata chombo kizuri kama kile. Mtu wa kwetu angepewa kazi ya kubuni namna ya wakwe kufanya kazi pamoja, angebuni ile ile. Mzee aliniandikia pembeni mwa hati, kwa adabu zote: "Mama wa wajukuu wangu, aya hii ni nzuri ila ni ndefu. Naomba uitazame." Nami nikajibu, "Ahsante baba, nimeitazama." Maneno tuliyoandikiana wiki zile yalizidi tuliyowahi kuongea tangu niolewe.

Shida ndogo ilikuwa vile vijimstari vya rangi vinavyoonyesha kila mtu yuko wapi. Cha mzee kilikuwa cha waridi. Kila kilipoingia kwenye aya yangu, mimi nilitoka mbio nikakimbilia ukurasa mwingine. Yeye naye akinikuta kwenye jedwali alirudi nyuma mpaka kwenye kichwa cha habari na kusubiri huko. Dada wa duka akapiga simu akicheka mpaka anakohoa.

"Shoga, mbona mnakimbizana kama kuku? Hiyo ni hati, si kitanda!"

"Wewe andika sehemu yako," nilimwambia. Nilikuwa nimekasirika, lakini nikacheka.

Kwenye marejeo mzee alipotea kabisa kwa mapenzi. Alijaza vitabu, ripoti, hata mahubiri ya kanisani kwake. Siku moja programu ilimkatalia kitu akaja juu. Alikuwa ameandika, "Marehemu baba yangu, aliyoniambia tukichuma majani chai," na programu ikawa inamdai mwaka. Alinilalamikia pembeni mwa hati kwamba mashine haina heshima kwa marehemu. Dodoso nalo lilituletea yake. Pale tulipouliza kwa nini mtoto huchelewa, jirani yetu mmoja aliandika, "Muulizeni mwenyewe, mimi ameshanishinda."

Basi kazi ikaiva. Ilibaki kuiwasilisha kwa mkutano wa video, na hapo ndipo mhadhiri akatoa sharti lake: kila mmoja awashe kamera mwanzo hadi mwisho. Atakayezima kabla kundi halijamaliza, alama zake binafsi ni sifuri.

Nyumbani kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, dirisha la chumba chetu cha kulala, kwa sababu linatazamana na mnara ulio ng'ambo ya bonde. Ukiiondoa simu pale dirishani, unabaki unajiongelesha. Na simu ikikaa dirishani, kamera inatazama ndani. Na ndani kuna nini? Kitanda. Nilijaribu lile jambo la kuficha kilicho nyuma yako kwa ukungu, lakini simu yangu ya zamani ikazimika kabisa. Nikaamua kutundika shuka. Nilipigilia misumari miwili ukutani, nikalitandaza nyuma ya kiti changu, nikamwandikia mzee: "Baba, usiwe na wasiwasi, nitakuwa mahali pa heshima."

Siku yenyewe mvua ilianza mchana, ile mvua yetu ya mabati ambayo hata ukipiga kelele hujisikii. Dada wa duka alitokea kwenye skrini katikati ya vitambaa vyake. Baba mkwe alitokea na tai shingoni, peke yake sebuleni kwake, mama mkwe akiwa kanisani. Mhadhiri alikuwa kijana mwenye mafua. Nilianza mimi, nikaeleza tulivyokusanya habari, nikamaliza vizuri. Zamu ikawa ya mzee. Dada wa duka akaweka jedwali kwenye skrini, sura zetu zikiwa pembeni mwake, ili mzee alisome na kulifafanua.

Wakati huo mume wangu akafika kutoka kituo cha kupimia majani chai akiwa ameloa chapachapa. Nilikuwa nimemwambia kuna mkutano, nilikuwa nimemwambia kuna shuka. Akaingia kimya kimya nyuma ya shuka abadilishe nguo, na hilo pia nililijua. Nisichojua ni kwamba alikuwa ametundika suruali yake kavu kwenye msumari wangu, juu ya shuka langu.

Aliivuta.

Shuka likashuka lote. Nikaona kwenye kidirisha changu kidogo kitanda hakijatandikwa, blanketi, mto, na mume wangu akiwa na kaptura ya ndani na soksi moja, suruali mkononi, akiitazama kamera. Dada wa duka akapiga kelele, "Yallah!" Mume wangu akatoka mbio kwenye mvua vile vile alivyokuwa. Na baba mkwe, aliyekuwa amefungua kinywa kusema "Jedwali la kwanza," akafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayekunywa dawa.

Na akaendelea. Macho yamefumbwa, tai imenyooka, akaeleza lengo la utafiti, akaeleza wazazi walivyojibu. Mhadhiri akainama kwenye kamera yake.

"Mzee, umelala?"

"Sijalala. Nina heshima."

"Sielewi. Tafadhali lisome jedwali, safu ya tatu, halafu uifafanue. Hiyo ndiyo sehemu yako."

Nililirudisha shuka juu kwa mikono miwili. Nikasema, "Baba, tayari, nimefunika."

"Mama wa wajukuu, hata mwanzo uliniambia ni mahali pa heshima."

"Dada, mwambie!"

Dada wa duka hajui kudanganya. "Mzee, limerudi," akasema. Halafu akasogea kwenye skrini. "Ila bado naona mguu wa kitanda."

"Basi," mzee akasema, macho bado yamefumbwa, "mwalimu, niandikie sifuri. Mimi sitaangalia huko."

Yesu wangu, nilikasirika! Nilimkasirikia mhadhiri na mafua yake, mume wangu na suruali yake, chinsoni, mvua, na zaidi nilijikasirikia mimi na misumari yangu. Nilifikiria kutoka nje nisimame chini ya dirisha, lakini mvua ilikuwa inapiga upande ule ule na mhadhiri alikuwa ameshaanza kuhesabu sekunde kwa sauti. Nikaona uso wa mzee pale. Alikuwa anaiacha digrii yake kwa ajili ya kitanda changu ambacho hata sikukitandika.

Nikasema, "Mwalimu, mimi naondoka. Dada, mwambie mzee nimeondoka." Nikazima kamera, nikatoka kwenye mkutano wote, nikakaa kitandani na kusikiliza mvua.

Dada wa duka alinipigia baadaye. Mzee alifumbua macho, akalisoma jedwali lote, akalifafanua mpaka mhadhiri akamwomba afupishe. Matokeo yalipotoka, baba mkwe alikuwa amepita. Mimi nilikuwa na sifuri ya uwasilishaji, kwa hiyo kurudia somo zima. Sikumwambia kitu, na yeye hakuniandikia kitu. Ile hati ilinyamaza. Nilidhani yamekwisha.

Asubuhi moja nikiwa shuleni nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, simu ikalia. Alikuwa karani wa chuo.

"Madam, samahani. Kuna mzee hapa anakataa kupimwa joho. Anataka tumwandikishe upya kwenye somo alilolipita, awekwe kundi moja na wewe. Anasema mkaza mwana wake hawezi kurudia peke yake kosa ambalo si lake. Tumemweleza haiwezekani na haondoki. Tumwambie nini?"

Machozi yalikuwa yananitoka, na nilikuwa nacheka.

"Mwambie hivi," nilisema. "Mwambie mkaza mwana wake amesema aende akapimwe joho sasa hivi. Na asiposikia, nakuja hapo mwenyewe nimwambie usoni, chinsoni au hakuna chinsoni."

Maisha yangu yote sikuwahi kumwamrisha mzee huyo. Nikasikia karani akimweleza, neno kwa neno, bila kupunguza chochote. Kisha nikaisikia sauti ya baba mkwe kwa mbali, ikiuliza kwa upole kama majoho huwa na mfuko wa kuwekea miwani.