Mama Mbao na Sakafu Iliyovimba

Jua halijapanda sawasawa, na mwanamke wa makamo amelala kifudifudi katikati ya ukumbi wa michezo. Shavu liko kwenye mbao, jicho moja kalifumba, la pili linalenga mbali kama la mtu anayechungulia chini ya mlango.

"Bado," anasema. "Pale karibu na goli la kikapu pamenyanyuka. Hupaoni?"

Mwandishi hapaoni. Mwanamke huyo anapaona, na ndiyo maana hajalala vizuri wiki nzima.

Mtaa wote unamwita Mama Mbao. Ana karakana ya vitanda, milango na meza nyuma ya stendi, na mafundi watano anaowafokea asubuhi na kuwalisha mchana. Mbao za sakafu hii ni zake. Ukumbi ulipoanza kukarabatiwa, paa lilipatikana kwa michango ya wananchi, lakini sakafu ikakosa mwenyewe. Akatoa bure mbao alizokuwa amezianika kwa ajili ya oda za mwaka mzima.

Sababu yake anaijua kila mtu hapa. Sakafu ya zamani, saruji iliyopasukapasuka, ndiyo iliyomvunja goti mdogo wake, enzi hizo mchezaji aliyetajwa kila kijiwe. Leo ni kocha wa timu ya wasichana, na ngazi anazipanda akishika ukuta.

"Nilimtoa humu mgongoni, analia, nami nalia," anasema Mama Mbao. "Nikasema Mungu akinijalia, hapa hapatavunja tena mtoto wa mtu."

Tenda wema nenda zako, wahenga walisema. Mama Mbao akashindwa kwenda. Alikataa mafundi wa nje, akaleta wake, akasimamia ubao kwa ubao. Hapo ndipo kosa lilipoingia, kosa la mtu aliyezeeka na meza. Kwenye meza, mwanya ni aibu. Mteja hupitisha kucha kwenye maungio, na kucha ikizama, bei nayo inazama. Basi sakafu ikabanwa ukuta hadi ukuta, hata karatasi isipite.

"Nilitamba, wacha! Nikawaita majirani waje wapitishe kucha," anasema, akicheka bila raha. "Kichwa kilinivimba kabla ya sakafu."

Kisha mvua zikanyesha mfululizo. Mbao zikanywa unyevu, zikataka kutanuka, ukuta ukazikatalia. Mlinzi wa ukumbi akapiga simu: "Mama, njoo. Sakafu yako inapanda." Mama Mbao alidhani anataniwa. Alipofika, katikati palikuwa na tuta.

Ufunguzi ni Jumamosi hii, na wasichana wa mdogo wake ndio watakaocheza.

"Mtoto akiruka akatua vibaya, mimi nitasema nini? Nimelipa goti moja kwa kuvunja jingine?" Anajifuta uso kwa upindo wa khanga.

Mwenyekiti wa kamati alishauri watandike zulia, wageni wasione.

"Zulia kwenye kikapu? Unataka watoto wachezee sebuleni kwako?" Mama Mbao alimjibu.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: kukata sakafu pembeni, kuzunguka kuta zote, ili mbao zipate pa kuhemea. Fundi wake mkuu alirudi nyuma. "Mama, kukata kazi iliyokwisha ni kujitukana." Mama Mbao akamnyang'anya msumeno, akaanza mwenyewe, machozi na vumbi la mbao vikichanganyika usoni. Kisha wakapanga magunia ya mchanga juu ya tuta. Tangu hapo linashuka kidogo kidogo, na jana magunia yaliondolewa.

Mlango unalia. Kocha anaingia, anavua viatu, anakwenda moja kwa moja hadi pale karibu na goli.

"Dada, sogea nijaribu."

"Wewe? Kwa goti hilo? Usinitie kiwewe asubuhi yote hii!"

"Nisiporuka mimi, nitawaambiaje watoto waruke?"

Mama Mbao anajifunika uso kwa viganja. Kocha anaruka. Kishindo kinajaa ukumbi mtupu.

"Pamelia kidogo," anasema kocha, bado amesimama. "Lakini pamenishika."

"Pamelia wapi?" Dada mtu tayari yuko chini, shavu kwenye mbao. Mdogo wake anacheka mpaka anakaa naye hapo hapo, akimpapasa mgongo. Mama Mbao hacheki. Anabonyeza ubao mmoja baada ya mwingine.

Kwa Jumamosi kamati imemwandalia kiti cha mbele, chenye mto, karibu na mgeni rasmi. Amekwisha kukikataa.

"Wampe mwenyekiti, si anapenda mazulia," anasema. "Mimi nitakaa chini, pale ukutani, kiganja juu ya mbao. Zikisogea tu, nasimamisha mchezo."