Mikono ya Twaha

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ilikuwa Ijumaa, mjukuu wangu, na jua la Kampala lilikuwa kali. Nakusimulia kwa sababu jana wageni walipokuja nilikuona ukificha mikono mfukoni. Nikajua umerithi jasho la kaka yangu Twaha, babu yako usiyemjua. Kaa hapa, na usinikatize.

Twaha alitoka jasho tangu utotoni: viganja, kwapa, nyayo, hata akiwa ametulia kivulini. Mama yetu aliona aibu. Sisi ni watu wa Kisenyi, watu wa msikiti na biashara, na mwanamume wa kwetu hupimwa kwa anavyokupa mkono. Mama akamwambia afiche, asije akakosa mke. Basi Twaha akawa havui koti juu ya kanzu, jua liwake lisiwake, na koti lenyewe zito, likamzidishia jasho. Swala ya Ijumaa ikiisha, watu wanapopeana mikono, yeye ameshafika mlangoni. Wakasema ana maringo. Sisi nyumbani tukanyamaza, eti siri ya nyumba.

Miaka ile wanajeshi ndio waliotawala, na mtu akichukuliwa huulizi kapelekwa wapi. Ijumaa hiyo mimi na Twaha tulikuwa tunakwenda Kawempe kumjulia hali shangazi. Hatujafika mbali tukakuta kizuizi, tukapangwa mstari juani. Askari akachukua kitambulisho cha Twaha, akakuta kimelowa. Akamshika mkono, akauachia upesi.

"Wewe iko na makosa gani? Mtu bila makosa hapana toka jasho namna hii. Na koti ya nini?"

Nikamwambia, "Afande, ni kaka yangu, ndivyo alivyoumbwa."

"Dada lazima ataficha yeye. Nani mwingine najua huyu mtu?"

Nyuma yetu alisimama Mzee Kassim, muuza mchele, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Nilimshukuru Mungu kumwona. Akamtazama Twaha, akasema taratibu, "Namjua kwa sura, afande. Lakini hajawahi kunipa mkono. Sijui ana nini."

Hayo tu. Wakamvua koti, na kanzu chini yake ilikuwa imelowa chapachapa. Wakamtia kwenye gari. Alinitazama huku akijifuta viganja kwenye kanzu, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakurudi. Kaburi lake hatulijui mpaka leo.

Mama alikwenda kumtukana Mzee Kassim dukani kwake. Yule mzee alimwacha amalize, kisha akasema, "Mama Twaha, mngeniambia mtoto ana maradhi ya jasho, ningemwambia askari. Mimi nilidhani ananidharau. Mmenificha mimi jirani yenu, mlitaka nani awasemee?" Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yule mzee sijamsamehe, nakwambia kweli, na mama yangu nilimzika nikiwa na kinyongo. Waliomchukua nimewaachia Mungu, na namwomba asiwasahau.

Baadaye sana daktari alinieleza kwamba kuna watu ambao tezi zao za jasho hufanya kazi kupita kiasi. Si jini, si uchafu, si woga wa mkosaji, na jambo hilo hutembea katika ukoo. Maneno machache kama hayo, na sisi tulishindwa kumwambia jirani.

Basi sikia, mwanangu. Vaa pamba, nguo nyepesi zinazopitisha hewa, na ubebe ya kubadilisha. Oga, ujikaushe vizuri hata katikati ya vidole. Usiliwaze jasho sana, maana hofu hulizidisha. Tutakwenda kwa daktari, ipo dawa ya kupaka usiku ngozi ikiwa kavu. Na siku likikujia usiku pamoja na homa, au ukaanza kukonda, niambie upesi, hilo litakuwa jambo jingine. Lakini kabla ya dawa, sema. Mwambie mwalimu, mwambie jirani, "Viganja vyangu hutoka jasho, naomba radhi," kisha mpe mkono. Atakayecheka na acheke.

Mungu akupe umri aliodhulumiwa babu yako, akuzungushie watu wanaokujua vizuri. Sasa toa mkono huo mfukoni unipe. Usiufute. Nipe hivyo hivyo ulivyo.