Talat Mpima Samaki na Mkia wa Dhabu

Alhamisi, tarehe tatu Mfungo Pili, mwaka 1414. Upepo wa vumbi tangu alfajiri. Alasiri yalianguka matone machache ya mvua, yakaacha madoa ya matope kwenye kioo cha gari, kisha joto likarudi.

Tuliingia Um Sidra, mji wa bara, baada ya sala ya alasiri, mimi na shemeji yangu Talat, mume wa dada yangu. Talat ni mpima samaki katika soko la Umluj, pwani ya Bahari ya Shamu. Kazi hiyo ameifanya tangu ndevu zake zilipoanza kuota, na sijapata kumwona akishika pua. Jongoo bahari akitishwa hutapika utumbo wake wote nje, kisha huenda kuotesha mwingine. Wamemtapikia Talat mikononi mara nyingi. Hujifuta kwenye shuka na kuendelea kupima. Bunju akijijaza maji akawa kama mpira wa miiba, humbeba kama anavyobeba tikiti. Pweza, atamweleza mtoto yeyote atakayesimama karibu na mizani yake, ana mioyo mitatu na damu ya buluu.

Lakini kitu chenye magamba na miguu minne kinachotambaa nchi kavu humpindua tumbo. Utotoni mjusi wa ukutani alimdondokea ndani ya bakuli la maziwa, naye alikuwa ameshakunywa nusu. Mpaka leo halali kabla hajamulika dari yote kwa tochi. Dada yangu amezoea.

Binti yao wa pekee, Ibtihal, ameolewa hapa Um Sidra na Mutlaq, kijana mpole mwenye duka la vipuri. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Kwetu pwani mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na binti hukaa huko arobaini yake yote. Dada yangu alikuwa amevunjika nyonga, hawezi kusafiri. Talat alikuwa amepiga simu mara mbili kumwomba Baba Mutlaq, babamkwe wa Ibtihal, amruhusu binti aje kwao. Mara zote mbili alijibiwa, "Inshallah, mkwe, njooni kwanza mnywe kahawa." Aliyewahi kukaa na watu hawa anajua kwamba inshallah ya namna hiyo haina safari ndani yake. Ndiyo maana tulikwenda wenyewe.

Zawadi yetu ilikuwa kasha la barafu lenye kamba wakubwa na ngisi. Mama Mutlaq, uso umefunikwa, alilifungua mlangoni pa jiko akaita wake wa wanawe.

"Njooni mwone! Watu wa pwani wameokota nzige waliozama!"

"Na huyu mwenye ndevu mdomoni, mama?"

"Funika! Funika, anatutazama!"

Talat alisikia yote. Alikuwa amewachagua kamba wale mmoja mmoja.

Tuliruhusiwa kumwona Ibtihal kwenye chumba cha pembeni. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mashavu imejitokeza, na tumbo limetangulia mbele kama mzigo wa mtu mwingine. Alimshika baba yake mkono.

"Wananipa supu ya dhabu, baba. Asubuhi na jioni. Wanasema inatia nguvu. Naitapika, wananiletea nyingine."

"Dhabu ndiye nini?"

"Utamwona," alisema. Kisha akaanza kulia. "Usiniache hapa, baba. Chumba cha kuzalia kimeshatayarishwa. Mama Mutlaq anasema mjukuu wake hazaliwi kwenye harufu ya samaki."

"Sikuachi," alisema Talat, lakini sauti haikuwa na uhakika. Mtu hamchukui mke wa mtu kwa nguvu.

Tulipotokea uani tukamwona dhabu. Ni kama guruguru wetu, ila mnene zaidi, rangi ya udongo mkavu, uso wa kikongwe aliyenyang'anywa meno, na mkia uliozungukwa na miiba pete juu ya pete. Ndugu zake Mutlaq walikuwa wametoka kuwinda. Watatu walikuwa ndani ya gunia, wakikwaruza. Wengine walichinjwa tangu adhuhuri na walikuwa kwenye sinia, hawana vichwa, hawana ngozi ila ya mkia, weupe kama vidole vilivyokaa majini. Mmoja wao alikuwa anakunja vidole vya mguu na kuvikunjua. Polepole. Akapumzika, akakunja tena.

"Huyu mzima," alisema Talat.

"Amekufa, ami," alijibu kijana mmoja. "Hajapata habari tu." Akambwaga kwenye chungu. Mafuta ya manjano yalikuwa yanaelea juu ya maji, na harufu yake ilikuwa ya gunia lililolowa likakaushwa kwenye jua pamoja na kitu kilichooza. Kifuniko kiligonga mara mbili. Pengine ulikuwa mvuke. Talat alisogea hadi ukutani na kusimama pale.

Baada ya magharibi wanaume tuliketi barazani, majirani nao wakaja. Baba Mutlaq ni mtu mfupi, mchangamfu, mwenye kauli, na kwa kumheshimu mgeni alikataa kijana yeyote asimimine kahawa ila yeye. Kwanza lakini alitaka mgeni aone mnyama mwenyewe. Alileta dhabu mmoja aliye hai, amemshika mkia, akamning'iniza mbele ya uso wa Talat.

"Mtazame bwana huyu, mkwe! Hanywi maji maisha yake yote. Kiu ikimshika, hufungua mdomo akanywa upepo. Mlangoni mwa shimo lake huweka nge awe askari. Na njaa ikizidi, hula wanawe."

"Hula wanawe?"

"Wale waliochelewa kukimbia!"

Baraza lilicheka. Dhabu alipanua kinywa chekundu, akatoa mlio kama tairi linalovuja, akajivimbisha, kisha akamnyea Baba Mutlaq mkononi: uji wa kijani, wenye kitu cheupe kama chokaa. Baba Mutlaq alijifuta kwa ncha ya kilemba, kwa haraka, kama anavyojifuta mtu jasho. Kwa mkono uleule akachukua kikombe, akamimina, akakishika ukingoni. Kidole gumba kilizama mpaka kwenye kahawa. Chini ya ukucha palikuwa na mstari wa kijani.

"Tafadhali, mkwe."

Talat alikipokea. Alikiangalia. Nilimwona akipauka midomo. Kisha akakiweka chini, juu ya mkeka, mbele ya magoti yake, akaikunja mikono.

Baraza zima likageuka kukitazama kikombe. Hata vijana waliokuwa mlangoni waliacha kusukumana.

Baba Mutlaq aliketi, akasawazisha nguo yake. Uso wake haukuwa tena wa mzaha.

"Kunywa kahawa yako, mkwe," alisema. "Ulilojia umepata."

Talat alinitazama. Alidhani kinyaa chake kimeonekana. "Mnisamehe," alianza, "mimi tumbo langu..."

"Ah, mwacheni aseme!" alidakia jirani mmoja mzee kwa furaha. "Nani alisema watu wa pwani hawana desturi? Ameweka kikombe chini! Zamani wakubwa wetu ndivyo walivyokuwa wakiomba: hanywi mpaka apewe. Siku hizi vijana wanaomba kwa simu. Sema haja yako, bwana!"

Niliona neno lile likimwingia Talat taratibu. Alitazama kikombe. Angeweza kusema ukweli, kwamba hana haja, ana kichefuchefu tu, nao wangecheka, na Ibtihal angebaki.

"Namtaka binti yangu," alisema. "Akazalie kwa mama yake. Akimaliza arobaini nitamrudisha mwenyewe."

Nyuma ya ukuta wa upande wa wanawake kitu cha bati kilianguka, na sauti ya Mama Mutlaq ikasema, "Haiwezekani!"

Baba Mutlaq hakugeuka. Majirani walikuwa wanamtazama yeye, si Talat. Alivuta ndevu.

"Umepewa," alisema. "Kunywa."

Hapo ndipo Talat alipoelewa bei. Kahawa ilikuwa imepoa, imepata utando. Aliinua kikombe, akafumba macho, akanywa yote.

Ukuta ukasema tena: "Na ale! Aliyepewa haja akakataa chakula, amerudisha alichopewa!"

"Atakula, mama, hajakataa," alijibu Mutlaq, mume wa Ibtihal. Hilo ndilo neno lake la pekee usiku ule.

Sinia lililetwa. Dhabu wasiokatwakatwa wamelazwa juu ya wali, mikono imenyooshwa mbele kama wanaoomba dua. Baba Mutlaq alivunja mkia wa yule mkubwa, sehemu ya mheshimiwa, akauweka mbele ya Talat. Ngozi ya mkia haichunwi; miiba huchomwa tu. Talat alipouminya, mafuta yalimchuruzika hadi kiwikoni. Nilikula pembeni, najua ladha yake: nyama ya kuku aliyelala topeni, na mafuta yanayoganda kwenye ufizi yasitoke kwa ulimi. Talat alitafuna. Kuna kigegedu kililia kati ya meno yake. Macho yalimtoka machozi na jasho likamdondoka kwenye wali, lakini alimeza, akachukua tonge jingine, akameza. Alipomaliza mkia, jirani mzee alimsogezea mguu wenye vidole vyake vyote.

"Naona ameupenda!"

Akaula na mguu.

Tulipokuwa tunanawa nje, Baba Mutlaq alimmiminia maji mwenyewe.

"Mkwe, nikuulize. Kile kikombe ulikiweka kwa haja, au kwa kinyaa?"

Talat alisugua vidole kwa sabuni. "Kinyaa kilitangulia," alisema. "Haja ilikuwepo tangu Umluj."

Baba Mutlaq aliendelea kumimina. "Mtume mwenyewe aliletewa dhabu asimle, wala hakuwakataza waliomla. Ungesema tu humtaki, nisingekulazimisha."

"Na binti yangu?"

"Binti yako angezalia hapa." Aliweka chini birika. "Neno langu limetoka mbele za watu, siwezi kulimeza. Wewe umeweza kumeza zaidi yangu."

Usiku ule Talat hakumulika dari. Alilala chali, mdomo wazi, kama mtu anayeogopa meno yake kukutana.

Ijumaa asubuhi aliswali, akabeba begi la Ibtihal, akamketisha binti kiti cha nyuma na mito miwili. Mama Mutlaq alikuja hadi mlangoni mwa gari. Alimwekea Ibtihal mkono tumboni kwa kitambo.

"Siku arobaini," alimwambia Talat. "Si arobaini na moja." Kisha akampakatisha chungu cha moto kilichofungwa kitambaa. "Waliobaki jana. Wa njiani. Binti awale, apate nguvu."

Talat alishukuru. Mimi nikiendesha, alikishika chungu mapajani, viganja viwili juu ya kifuniko, akikandamiza, mpaka kituo cha mafuta cha njia panda. Hapo alishuka, akampa chungu dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai peke yake. Yule mtu alifunua, akanusa, akambusu Talat kichwani, akatandika gazeti chini na kutuita sote tuje tule pamoja. Talat alirudi garini akapandisha kioo.